UZI: Ziara binafsi ya jiji la Dar pamoja na karakana ya Tingatinga au vinyago, ipangwe vipi kwa siku moja?

kinyerezi_leo
Wakuu, salaam. Nina wageni wanne wanaofikia Masaki, watu wazima watatu na mtoto wa miaka tisa. Wana siku moja tu ya Dar kabla ya kupanda boti kwenda Unguja. Wanataka mwongozaji wao wenyewe na gari lao, waone jiji, kisha wakae na fundi watengeneze kitu kwa mikono yao. Kununua dukani peke yake hawataki. Nimeona ratiba kadhaa mtandaoni zinazojaza kila kitu: soko la samaki Feri, Kariakoo, Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, Mwenge kwa wachonga vinyago, wachoraji wa Tingatinga, machweo ufukwe wa Coco. Naomba wenye uzoefu wa kazi hii wanipe mpangilio unaotekelezeka, na mambo ya kukubaliana na mwongozaji mapema.

mtaa_kwa_mtaa
Mkuu, hiyo ratiba uliyoitaja ni ya kukaa ndani ya gari. Kutoka Posta mpaka Mwenge ni kama kilomita kumi, na saa za foleni hizo kumi zinaweza kula saa nzima na zaidi. Foleni ya kuingia mjini inabana kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ya kutoka huanza saa kumi jioni. Kwa hiyo chagua karakana moja, kisha sehemu ya mjini inayotembeleka kwa miguu. Basi.

Kwa wageni wanaolala Masaki, Tingatinga ndiyo inayokaa vizuri kijiografia. Ushirika wa wachoraji uko Oysterbay, barabara ya Haile Selassie, eneo la Morogoro Stores, dakika chache tu kutoka Masaki. Mwenge ni upande mwingine kabisa.

Kosa la waongozaji wengi ni kuweka karakana mwisho, saa tisa mchana, wageni wameshachoka na jua. Hapo wanapewa brashi, wanapaka nusu saa, rangi haijakauka, wanaondoka na kitu kinachonata. Karakana igawanywe mara mbili, asubuhi na mchana, na jiji likae katikati wakati rangi inakauka. Namwachia fundi aeleze upande wa rangi.

BrashiNaDoti
Asante kaka. Ni kweli, rangi ndiyo inayopanga siku.

Tingatinga huchorwa kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kopo inayopakwa kwenye milango na mageti. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia rangi za aina hiyo kwenye vipande vya silingibodi, vya karibu sentimita 60 kwa 60. Alifariki 1972, wanafunzi na ndugu zake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Siku hizi kazi nyingi ni kitambaa cha pamba kilichovutwa kwenye fremu ya mbao, lakini rangi ni ile ile, na tabia yake ni ile ile: inashikika bila kuchafua mkono baada ya saa nne hadi sita, na kupakwa tabaka zima juu yake kwa uhakika ni baada ya kulala usiku mmoja. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, ongeza.

Kwa hiyo kitambaa kiandaliwe siku moja au mbili kabla wageni hawajafika. Kwa kila mtu omba fremu ya sentimita 30 kwa 40 isiyozidi hapo. Kubwa kuliko hiyo hawatamaliza. Kitambaa kinavutwa kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona, kikianzia kona kinabaki na mawimbi. Kinapakwa rangi nyeupe ya kuziba matundu, kinakauka, kinapitishwa msasa laini, kisha inawekwa rangi ya nyuma. Ukitaka ule mchanganyiko wa njano inayoingia kwenye nyekundu, rangi zote mbili zipakwe zikiwa mbichi na kuunganishwa kwa brashi pana iliyo karibu kavu. Mgeni achague rangi yake ya nyuma kwa picha ya simu siku mbili kabla, hapo anakuwa ameshiriki hata kama hakuwepo.

Siku yenyewe, asubuhi: mchoro kwa chaki. Chaki inafutika kwa kitambaa kikavu, penseli inabaki ikionekana chini ya njano na nyeupe. Kisha kujaza umbo kwa rangi moja. Mweleze mgeni achague mnyama mmoja mkubwa anayejaza nafasi, ndege, twiga au samaki. Wanaoanza hupenda mbuga nzima yenye wanyama kumi, na kila mmoja anakuwa mdogo kiasi kwamba brashi haiwezi kuingia. Rangi ipakwe nyembamba. Ikiwekwa nene, juu inatengeneza ngozi na chini inabaki mbichi, halafu inakunjamana. Ndiyo maana pia fremu haianikwi juani kwa haraka. Iwekwe kivulini penye upepo.

Mchana: mistari ya pembeni, manyoya, macho, na nukta. Nukta zinapigwa kwa ncha ya kijiti au mkia wa brashi, unachovya kila baada ya nukta mbili au tatu ili zisipungue ukubwa. Hizi ndizo zinazoharibika kama umbo la chini bado bichi, nyeusi inatambaa ndani ya njano na huwezi kuirudisha.

upanga_magharibi
Swali dada, au kaka, samahani sijajua: kwa nini msitumie thina nyingi ili ikauke haraka?

BrashiNaDoti
Dada, ndugu yangu. Swali lako ni zuri kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapofia.

Thina ya rangi za gari ni kali mno kwa rangi ya mafuta. Ukiichanganya na kupaka juu ya rangi ya nyuma, inainyanyua ile ya chini na kuikunja, picha nzima inabanduka. Mafuta ya taa ni kinyume chake. Yanalainisha vizuri lakini yanachelewesha kukauka, na yakizidi rangi inabaki inanata kwa siku kadhaa. Tumia tapentaini kidogo tu, kiasi cha rangi kuteleza kwenye brashi, na mafuta ya taa yabaki kwa kuoshea brashi. Brashi iliyooshwa ikaushwe kwenye kitambaa kabla ya kurudi kwenye rangi.

Kuhusu mtoto wa miaka tisa: apewe akriliki za kuchanganya na maji. Harufu ya rangi ya mafuta na tapentaini kwa saa mbili haimfai mtoto, na akriliki inakauka kwa chini ya nusu saa, kwa hiyo atamaliza yake siku hiyo hiyo bila kusubiri. Sharti moja: rangi ya nyuma ya fremu yake nayo iwe ya maji. Akriliki juu ya rangi ya mafuta haishiki, inachunika kama ngozi ya kitunguu.

Wote waje na nguo wasizozionea huruma. Rangi ikishika mkononi, pakaa mafuta ya kula, futa, kisha sabuni. Kusiwe na mtu wa kumwagia mgeni petroli mikononi.

DerevaWaPosta
Naongezea njia. Mkitoka karakana kwenye saa tatu na nusu asubuhi foleni ya kuingia imeshalegea. Pitieni Toure Drive, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, mnashuka Barack Obama Drive. Bahari inakuwa kushoto, mnapita hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, mnapita maeneo ya Ikulu. Hapo mwambie mgeni mapema, kabla hamjafika: simu na kamera chini. Ikulu, majengo ya jeshi, askari walio kazini na bandari havipigwi picha. Ukimwambia mkiwa mmeshafika, atakuwa ameshapiga. Droni ndiyo kabisa, inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Gari lisibaki limesimama Posta muda wote likiwasubiri. Maegesho hulipiwa kwa mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa namba ya malipo, na deni lisipolipwa linakua faini. Kwa hiyo dereva awashushe Boma la Kale, awapokee Makumbusho ya Taifa. Dereva na mwongozaji wawe watu wawili. Mtu mmoja hawezi kuendesha, kutafuta nafasi ya gari na kueleza historia ya kanisa kwa wakati mmoja.

kinyerezi_leo
Shukrani sana. Sasa kati ya hapo na mchana, watembee wapi hasa? Na Feri tunaingia au tunapita?

mtaa_kwa_mtaa
Soko la samaki Feri ni la alfajiri mpaka kama saa tatu, wakati mnada umepamba moto. Kufika saa nne ni kukuta sakafu inaoshwa. Kama wageni wanaitaka Feri, basi iwe siku nyingine saa kumi na mbili asubuhi, na viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza. Usiichanganye na ratiba hii.

Matembezi yaanzie Boma la Kale, Sokoine Drive. Ni jengo la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, lilianza kujengwa 1866, la mawe ya matumbawe. Hapa ndipo pa kueleza kuwa kabla yake kulikuwa na kijiji cha Mzizima, kwamba Majid alifariki 1870 mji wake ukadorora, na kwamba Wajerumani walihamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mgeni akielewa hayo matatu, majengo mengine yote yanajipanga kichwani.

Kutoka hapo Mtakatifu Yosefu, kanisa lililojengwa 1897 hadi 1902, kisha Azania Front ya Walutheri yenye paa la vigae vyekundu, ujenzi wake ulianza 1898. Makanisa haya mawili yako jirani, yamejengwa miaka ile ile na madhehebu mawili yaliyokuwa yakitazamana, hilo peke yake ni mazungumzo ya dakika kumi. Jumapili asubuhi huingii, ni ibada. Siku nyingine mabega na magoti yafunikwe.

Pandeni Azikiwe mpaka Sanamu ya Askari. Mpe mgeni muda wa kuizunguka. Ilisimikwa 1927, ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani Wissmann ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji 1916. Inawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kambi ya wapagazi hao ilikuwa Kariakoo, na mwongozaji mzuri atakuonyesha kwa mkono upande ilikokuwa hata kama hamwendi. Nasisitiza wapagazi kwa sababu wengi hueleza bunduki ya yule askari na kuishia hapo.

Halafu Samora kuelekea mashariki, kivuli cha miti kipo, bustani ya mimea iliyoanzishwa 1893, na Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Yote hayo hayafiki kilomita mbili. Mkianza saa nne, saa tano na nusu mko ndani kwenye baridi wakati jua limekaa utosini. Ndani ya makumbusho usipitie kila chumba. Chumba cha chimbuko la binadamu, pamoja na habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959, mambo ya Kilwa, na kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Saa moja na robo inatosha. Viingilio vya raia, Afrika Mashariki na wageni wa nje ni tofauti, kwa hiyo wabebe pasi au nakala yake.

Chakula saa saba, mrudi karakana saa tisa kasoro. Mnawahi foleni ya kutoka.

Kama siku hiyo ni Ijumaa, msiwe maeneo ya Kisutu na Kitumbini kati ya saa sita na nusu na saa nane. Barabara zinajaa waumini na kupita na kundi lenye kamera mbele ya watu wanaoswali si adabu.

Msasa240
Wakuu, mmeisahau Mwenge, na kuna wageni ambao rangi haiwavutii kabisa. Kwa kundi hili nakubali Tingatinga, lakini niweke ya vinyago kwa atakayesoma uzi huu baadaye.

Mgeni asiahidiwe kuchonga mpingo. Ni mti mzito unaozama majini na mgumu kiasi kwamba tezo inateleza kwa asiyezoea, na tezo inayoteleza inakwenda kwenye goti. Kazi inayomfaa ni hii: fundi achonge umbo dogo, kijiko au kiboko wa kushikika mkononi, mgeni akiangalia hatua za tezo, patasi na tupa. Kisha mgeni achukue msasa. Anaanza namba 80 kuondoa alama za tupa, 120, 180, 240, anamalizia 400. Asiruke namba. Mikwaruzo ya 80 haiondoki kwa 240, inang'arishwa tu, na ikipakwa nta inajitokeza yote mwangani. Afuate mkondo wa mti. Baada ya 400 anafuta vumbi, anapaka nta, anasugua kwa kitambaa mpaka mpingo utoe weusi wake. Saa moja na nusu inamaliza kitu cha sentimita kumi. Barakoa avae, vumbi la mpingo linawasha pua na ngozi kwa watu wengi.

Kwenye kununua: pale chini ya kinyago pasipopakwa kitu ndipo pa kuangalia. Mpingo una sehemu ya nje ya njano iliyofifia, na wachongaji wengi huiacha ionekane makusudi. Mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu ni mwepesi kwa saizi yake, na ukisugua chini kwa kitambaa cheupe chenye spiriti kinatoka cheusi tii. Mpingo halisi unaweza kutoa hudhurungi kidogo, hiyo isikutishe. Tazama pia ncha mbili za kinyago. Ufa mwembamba uliojazwa vumbi la mti na gundi maana yake mti ulichongwa mbichi, na ukifika nchi yenye hewa kavu utafunguka tena. Kinyago kikubwa kilichochongwa wiki hii kikatae, hata kama kimependeza.

Risiti iandikwe aina ya mti na uzito. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, na bidhaa zilizokamilika zina msamaha hadi kilo kumi kwa shehena, kwa hiyo vitu vya kawaida vya mgeni havina shida, ila risiti inaokoa maelezo marefu uwanjani. Makombe ya baharini na magamba ya kasa wasinunue kabisa, popote wanapouziwa.

upanga_magharibi
Na suala la kamisheni? Hili linaumiza mafundi wengi na mgeni hajui.

mtaa_kwa_mtaa
Hili ni zito na nitalisema wazi, kwa sababu mimi niko upande wa waongozaji.

Utaratibu wa kificho uko hivi: mwongozaji anampeleka mgeni dukani, duka linampandishia mgeni bei, cha juu kinarudi kwa mwongozaji. Aliyechora hapati chochote katika hicho cha juu. Mara nyingi hata jina lake halitajwi. Mgeni akija kugundua, hasira inaishia kwa mchoraji.

Kwa hiyo kinyerezi_leo, kwenye makubaliano ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, tenganisha malipo: mwongozaji kwa siku, gari na mafuta, viingilio, karakana kwa kila mtu, vifaa, chakula na maji. Karakana ilipwe kwa fundi mwenyewe au kwenye ofisi ya ushirika wake, mbele ya mgeni. Malipo hayo ni ya muda na vifaa, yasigeuzwe kuwa punguzo la bei ya picha atakayonunua. Andika pia kwamba hakuna kamisheni kwenye manunuzi. Mwongozaji anayekataa sharti hilo, mshukuru, tafuta mwingine, na mlipe huyo mwingine bei nzuri, maana asiye na cha juu anaishi kwa ada yake.

Iulize kampuni leseni ya TALA, ile ya wakala wa utalii, na mwongozaji awe na kitambulisho chake. Kabla ya kulipa malipo ya awali, pigeni simu karakana wenyewe kuthibitisha jina la fundi, tarehe na idadi ya fremu. Ziara nyingi zinazovurugika zinavurugikia hapo: mwongozaji alidhani yuko pale mtu muda wote, fundi hakuambiwa, vitambaa havijaandaliwa, wageni wanapewa picha iliyochorwa nusu na mtu mwingine waijazie nukta.

BrashiNaDoti
Hapo kaka umesema la msingi. Naongeza: picha ya kununua iandikwe nyuma jina la aliyechora na mwaka, kwa mkono wake. Ile sahihi ya mbele wakati mwingine ni ya duka.

kinyerezi_leo
Nimeelewa. La mwisho: kesho yake asubuhi wanapanda boti. Picha zitasafiri vipi zikiwa hazijakauka vizuri?

BrashiNaDoti
Zibaki kwenye fremu, zisikunjwe. Fremu ya 30 kwa 40 inaingia kwenye begi la mkononi. Muombe fundi apigilie vipande vinne vya mbao vya sentimita mbili kwenye kona za nyuma za kila fremu. Mkizipanga moja juu ya nyingine, zote zikiangalia juu, uso wa picha ya chini haugusani na fremu iliyo juu yake isipokuwa kwenye kona. Ya juu kabisa ifunikwe na boksi lililokatwa, lililoinuliwa kwa vipande hivyo hivyo. Nailoni isiguse rangi, inaganda na kuacha alama. Mifuko ya plastiki yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019, wasije nayo.

Kwenye boti zikae kivulini, mbali na maji ya chumvi. Unguja wazitoe, waziegemeze ukutani chumbani kwa siku mbili tatu, feni ikizunguka. Wakitaka kuzivua kwenye fremu na kukunja, wasubiri angalau wiki mbili. Hapo wakunje upande wenye rangi ukiwa nje, kwenye bomba la upana wa sentimita nane au zaidi, na karatasi ya kuokea juu ya rangi. Ikikunjwa rangi ikiwa ndani inajikunyata na kupasuka pale inapofunguliwa.

Makopo ya rangi na tapentaini hayapandi ndege, yabaki karakana.

DerevaWaPosta
Na kwenye gari siku hiyo ya kurudi hotelini, fremu zilale bapa nyuma, si kwenye siti. Madirisha yaachwe wazi kidogo. Gari lililofungwa juani likiwa na rangi mbichi ndani linaumiza kichwa kabla hamjafika Coco.